Kijibwa na Chatu Mtulivu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mlionyimwa ugali? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Palikuwa na kijibwa, miguu mifupi, ndevu kidevuni kama za beberu, kelele nyingi kuliko mwili. Hana kwao. Kila jioni, moshi wa mapishi ukipanda, alikaa nje ya ua wa Mama Nyamizi akisikiliza watoto wakicheka ndani, na moyo ukimuuma. Alitamani naye awe na mahali pa kurudi, basi.

Sasa kwa Mama Nyamizi panya walizidi. Walikula mtama, wakala mkeka, wakahamia kwenye viatu. Mama akatangaza anataka mnyama wa kuwamaliza. Wakaja wawili, Kijibwa na Chatu. Mama akawahoji kama wachumba waliokuja kuposa.

"Wewe Kijibwa, unabweka?"

"Nabweka, mama. Bwe! Bwe!"

"Unachimba?"

"Nachimba, mama."

"Na manyoya, yatadondoka mkekani kwangu?"

"Yatadondoka, mama."

"Kutulia, je?"

Kijibwa akajaribu kutulia ili ajibu. Wapi! Mkia ulikuwa unakwenda, pu-pu-pu, pu-pu-pu. Maskini, aliupenda ule ua, alipenda hata moshi wake, na uongo haujui.

Akaulizwa Chatu.

"Sibweki," akasema Chatu. "Sichimbi. Manyoya sina. Nikila leo, hadi mwezi ujao. Kutulia ndiyo kazi yangu."

"Na panya?"

"Nawapenda mno."

"Huyu ndiye!" akasema Mama Nyamizi.

Mwanawe mdogo, Kashindye, akamkumbatia Kijibwa shingoni. "Mama, mimi namtaka huyu!"

"Huyo atatuchimbia nyumba. Mwache aende zake."

Kijibwa akatoka. Hakwenda mbali. Angekwenda wapi?

Chatu akala panya kwa siku tatu, wakaisha. Siku ya nne kifaranga hayupo. Siku ya tano mama yake kifaranga hayupo. Chatu katulia tuli.

"Kuku wa siku hizi hawana adabu," akasema. "Wanatoroka."

Mama Nyamizi akaamini, maana aliyetulia hivyo atadanganyaje?

Siku ya sita, mchana, mama yuko shambani, Kijibwa akachungulia uani. Akamwona Kashindye kalala mkekani, na Chatu kajinyoosha kando yake, kutoka utosini hadi nyayoni. Anampima! Moyo wa Kijibwa ukalipuka, paa! Abweke? Chatu atammeza mtoto kabla mtu hajafika. Akaingia polepole.

"Shikamoo, Mzee Chatu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Huyo ni mifupa mitupu, mzee. Bandani mna jogoo mnono, mama kamfungia. Nikuchimbie njia ya kupenya?"

Asubuhi hiyo Chatu alikuwa ameshameza bata, tumbo limevimba. Lakini mlafi hajui kushiba. "Chimba!"

Paru-paru-paru! Paru-paru-paru! Kijibwa akachimba chini ya ukuta wa banda, shimo jembamba, la kumtosha chatu mwenye njaa tu.

Chatu akaingiza kichwa, akaingiza shingo. Kwap! Jogoo kaenda. Akataka kurudi nyuma, jogoo akamkwamisha ndani. Akataka kwenda mbele, bata akamkwamisha nje. Mbele hapiti, nyuma harudi.

"Nivute, we mbwa!"

"Tulia, mzee. Si ndiyo kazi yako?"

Hapo ndipo alipobweka. Bwe! Bwe! Bwe! Mama Nyamizi akaja mbio na shoka, na majirani nyuma yake. Yaliyompata Chatu msiniulize, kuna watoto hapa. Ila bata na jogoo walionekana walipokuwa, tumboni.

Mama Nyamizi akamkumbatia mwanawe, akalia weee. Kisha akaliona shimo.

"Nani kachimba hapa?"

"Mimi, mama." Mkia ukashuka. Kijibwa akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi? Lifukie kwanza!"

Akafukia.

"Kung'uta miguu!"

Akakung'uta.

"Haya, ingia ndani."

Kijibwa akabaki mlangoni. Hakujua mtu huingiaje kwao, maana hajawahi. Ilibidi Kashindye ambebe.

Ngano imetua. Tamu gawaneni, chachu nibakizieni mimi.

Na funzo lake ni hili, wanangu: ukitafuta wa kukaa naye, chagua asiyebweka, asiyechimba, asiyedondosha manyoya. Ukishampata, usilale.