Mama Aliyezima Filamu Katikati

Wapendwa, alikuwapo mama mmoja, fundi cherehani, aliyenusurika mafuriko. Siku ile maji yalimpokonya binti yake mikononi, na mpaka jioni hakujua kama mtoto yu hai. Wakamkuta juu ya paa la shule, mzima kabisa. Lakini hofu ilikataa kumtoka mama. Miaka kumi na miwili baadaye, akitazama filamu nyumbani, maji yakianza tu kupanda, anashika rimoti: zima! Anakwenda kukaa jikoni. Nawauliza, filamu uliyoizima katikati imekwisha? Kwake yeye, wale watu walibaki majini.

Mchana mmoja binti akamwambia, "Mama, twende sinema. Kuna filamu ya mafuriko. Skrini ni ukuta mzima, na sauti inakuzunguka pande zote."

"Mwanangu, unataka kuniua?"

"Nataka uone mwisho wake. Nitakaa hapo hapo ubavuni kwako."

Wakaenda. Maji yakapanda. Ngurumo zikatikisa hadi viti. Mama akapapasa rimoti, haipo. Akafumba macho, akanyoosha mkono, akaukamata mkono uliokuwa ubavuni kwake kwa nguvu zote. Na ule mkono ukamshika yeye.

Alipofumbua macho, binti alikuwa upande wa pili. Aliyemshika ni mwanamume asiyemjua, pande la mtu, anatetemeka kuliko yeye.

"Samahani, baba," akanong'ona.

"Usiniachie, mama," yule bwana akajibu. "Hata mimi maji yaliwahi kunichukua."

Basi wakatazama hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu wa kwenye filamu wakaokolewa mmoja mmoja, na ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa pamoja. Mama akalia, akacheka, akalia tena. Kifua kikawa chepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Sasa tuje kwetu sisi. Wangapi tunabaki nyumbani tukisema, "Ibada nitaisikiliza kwenye simu," na neno likituchoma, tunazima? Ni kweli, neno ni lile lile. Lakini simu itakushika lini? Ndugu zangu, hatuji hapa kwa kuwa hatuogopi. Tunakuja kwa kuwa tukiwa peke yetu tunaishia katikati.

Kabla hatujasimama kuomba, mtazame aliyeketi kando yako. Msalimie. Huenda amefika hapa leo na jambo zito, na tangu asubuhi hajapata wa kumwambia.