Siku Bi Mwanatumu Alipomuuliza Kadhi

Dunia haiombi ruhusa. Mmelisikia neno hilo leo arusini, shangazi yenu alipowajibu wale waliokuwa wakimlaumu kwa kumpeleka binti yake masomoni, nanyi mnataka kujua limetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe si wa kuchekesha.

Zamani katika mji wetu huu alikuwako Maalim Famau. Kazi yake ilikuwa kupima kivuli cha kijiti uani mwa msikiti na kumwambia mwadhini wakati wa sala umeingia. Miaka thelathini hakuna aliyemwona akikosea. Aliporudi kuhiji alikuja na darubini, mrija wa shaba wenye urefu wa mkono, na kila baada ya Magharibi akawa anapanda darini na mkewe, Bi Mwanatumu, kuitazama nyota ya Zuhura.

Walichokiona kiliwashangaza. Kwa macho matupu Zuhura ni nukta tu. Ndani ya darubini mwanzo ilikuwa duara dogo, baada ya miezi ikawa nusu, kisha ikawa hilali nyembamba, kubwa kuliko lile duara. Maalim akapiga hesabu mwaka mzima. Akapata kwamba Zuhura hulizunguka jua, na dunia yetu nayo hulizunguka vilevile.

Hakwenda kuyatangaza. Ijumaa moja, watu walipomaliza kusali, mtu mmoja alimuuliza kwa mzaha, "Maalim, huko juu umeona nini?" Naye hakujua kusema uongo, akajibu kama alivyoona.

Kadhi Shekuwe alikuwa hajaondoka. Huyu na Maalim walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, wakila sinia moja. Alisimama, uso umembadilika.

"Famau, rudi katika kauli yako. Jua ndilo linalokwenda. Hata mtoto wa chuo analijua hilo."

"Mwenyezi Mungu ndiye aliyeipa dunia mwendo," Maalim akasema. "Nimemkosea nini kwa kusema alichokifanya? Njoo nyumbani utazame mwenyewe."

"Mimi? Nitie jicho langu katika mrija wa shetani?"

Watu walidhani yataishia hapo, wazee wawili wakikemeana. Lakini Kadhi aliinua sauti, akasema maneno ambayo mji huu haujayasahau: "Basi huyu amekufuru, si mwenzetu tena katika dini. Na kwa kuwa si mwenzetu, mkewe si mkewe. Ana siku tatu za kutubu."

Mwadhini, aliyekuwa akikunja mkeka, aliubwaga. Ndoa ya miaka thelathini na mitano ilivunjwa pale pale mbele ya watu, kabla viatu havijavaliwa! Alasiri hiyo kaka zake Bi Mwanatumu walikuja kumchukua. Walimkuta akipepeta mchele. Alipoambiwa hana mume tena alidhani mumewe amekufa, na alipoelewa kwamba yu hai ila yeye si mkewe tena, aliuliza mara tatu, "Nani kasema?" Darubini nayo ilichukuliwa, ikatupwa kisimani.

Siku ya tatu baraza la Kadhi lilijaa. Maalim aliingia amekonda kama aliyefunga mwezi. Hakumtazama mtu.

"Sema," Kadhi akamwamrisha.

"Dunia imesimama," Maalim akasema. "Haizunguki. Mimi nilikosea. Nirudishieni mke wangu."

Kisha akalia kwa sauti, mzee mwenye mvi, na watu wakainamisha vichwa kwa aibu.

Bi Mwanatumu alikuwa upande wa wanawake. Alinyanyuka akaja mbele, buibui lake likiburura sakafuni.

"Kadhi, nina swali. Mume wangu ameshasema kama ulivyotaka. Je, sasa dunia imesimama?"

"Mwanamke, kaa chini."

"Nitakaa. Lakini siku hizi tatu ulipokuwa ukiamua, jua lilichomoza na kutua. Wewe hukuulizwa. Dunia haiombi ruhusa, Kadhi. Si kwako, si kwa mume wangu. Ina Mola wake. Na mimi nilichungulia katika mrija ule mwaka mzima. Kama kuona ni kukufuru, basi nimekufuru pamoja naye. Sasa utanitenganisha na nani?"

Mwanamke ameyasema hayo barazani, mbele ya kadhi! Kaka yake mkubwa alishika kichwa. Kadhi Shekuwe aligeuka. Alimtazama rafiki yake wa utotoni aliyekuwa akijifuta machozi kwa kilemba. Halafu akainuka, akatoka bila kutoa hukumu, na hakuitoa hadi akafa.

Bi Mwanatumu alimshika mumewe mkono wakarudi kwao. Msikitini Maalim hakurudishiwa kazi yake, na miaka mingi majirani walipita mlangoni pao bila kubisha hodi. Wengine hawakuwasamehe kabisa. Lakini neno la yule mama halikuzuilika. Lilitoka barazani likafika sokoni, likafika mashambani, hadi leo likamfikia shangazi yenu arusini.

Kwa hiyo mkimsikia mtu akipiga marufuku jambo ambalo tayari liko, msibishane naye sana. Mwambieni tu: dunia haiombi ruhusa.