Ngoma Haimzuii Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Wa nyuma mmelala. Na nyinyi watu wazima, itikieni, msiwaachie watoto kazi. Paukwa mfungaji!

Pakawa mlinzi!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakicheza mpira wa kikapu na sisi watu hatujaujua, palikuwa na mbuga yenye bwawa moja. Masika bwawa lilijaa, kila mnyama akanywa. Kiangazi lilipungua, likabaki la kutosha upande mmoja tu. Upande wa Majani walilitaka. Upande wa Mapango walilitaka. Walipigana. Wakaumizana. Wakafa.

Ndovu akachoka kuzika. Akasema, "Basi. Mtacheza mpira. Atakayeshinda mechi mbili ndiye mwenye bwawa mpaka mvua irudi. Atakayeshindwa atakwenda Mto wa Mamba."

Huo mto ulikuwa mbali. Ukiondoka alfajiri, unafika jua likizama. Na ukifika, jina lake mmelisikia.

Wakasimamisha nguzo mbili. Ndege mnana akafuma vikapu viwili vya ukindu, akavitoboa chini, wakavining'iniza juu. Mpira ukatengenezwa kwa utomvu wa mti. Du! Du! Du! Ukadunda. Ndovu akawa mwamuzi, filimbi yake ni mkonga. Kila kikapu pointi moja. Kivuli cha nguzo kikigusa mstari, mechi imekwisha.

Na Nyani akawa mpiga ngoma.

Hapa sikilizeni vizuri. Mnasikia?

Tunasikia!

Mchezaji akifunga, ngoma ililia. Ti-ti-ndi! Ti-ti-ndi! Ngoma ikilia, mfungaji alicheza. Wenzake walimzunguka, wakampigia makofi, mpaka ngoma inyamaze. Kuacha kucheza ilikuwa kuitukana ngoma. Timu nyingine ilisimama kando, ikasubiri kwa adabu. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa desturi tu.

Timu ya Majani ilikuwa na Twiga. Twiga alifunga kama anachuma majani. Chwa! Ngoma ti-ti-ndi. Chwa! Ngoma ti-ti-ndi. Wakampa jina, wakamwita Mwagamvua. Alikuwapo Pundamilia, alikuwapo Nyumbu. Nahodha alikuwa Bi Tohe, swala mwenye miguu mirefu na maneno machache. Na wa tano alikuwa Nguchiro.

Nguchiro mnamjua. Mdogo, mkali, anapigana na nyoka. Yeye hakufunga. Alikaa nyuma, chini ya kikapu cha kwao, akazuia. Akaja Nyati, akazuiwa. Akaja Ngiri, akapokonywa mpira. Ngoma ilipolia huko mbele, wenzake wakicheza, yeye alibaki palepale, kageuza uso kuwatazama wapinzani.

"Njoo ucheze, Nguchiro!"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Mpira umelala!"

"Wenye mpira hawajalala."

Wakamwona hana raha.

Masika yote wakacheza hivyo, timu hii na ile. Majani wakashinda sana. Mapango nao wakashinda sana. Masika yakaisha, jua likashuka, bwawa likaanza kuonyesha kingo zake. Timu hizo mbili zikabaki, zikutane kwenye mtoano wa bwawa.

Na wakati huohuo Bi Tohe alizaa. Ndama wa kike, miguu inatetemeka, hajajua hata kukimbia na mama yake. Mnyama kama huyo hafiki Mto wa Mamba. Na akifika, harudi. Bi Tohe alilijua hilo. Kila mtu alilijua.

Siku ya kutangaza timu, Nyani akapanda kwenye ngoma yake. "Msimu mzima, Twiga ngoma imemlilia hadi ngozi imechanika! Pundamilia imemlilia! Nyumbu imemlilia! Nguchiro..." Akajikuna. "Nguchiro hata mara moja."

Wakacheka kwa, kwa, kwa.

Tumbili akaruka kutoka mtini. Tumbili alikuwa hodari wa kufunga kutoka mbali. "Nguchiro kaka yangu! Msimu mzima kikapu unakiangalia tu, kama fukara anavyoangalia nyama buchani!"

"Mimi kazi yangu ni kikapu chetu," akasema Nguchiro. "Hicho unachosema wewe ni cha wenzetu."

Twiga akainamisha shingo kwa Bi Tohe. "Dada, huu ni mtoano. Tunahitaji vikapu. Mtoe huyu, mtie Tumbili. Nikifunga mimi, na akifunga yeye, nani atatufikia?"

Bi Tohe akamtazama ndama wake. Akawaza vikapu. Mwenye vikapu vingi ndiye anayeshinda, hata mtoto anajua kuhesabu hivyo. Akasema, "Nguchiro, utatusamehe."

"Sina la kusamehe," akasema Nguchiro. "Mkinihitaji, niko kichuguuni." Akajiendea zake.

Mechi ya kwanza ikaanza. Ndovu akapuliza. Pweee!

Du! Du! Du! Twiga huyo. Chwa! Ngoma ti-ti-ndi! Ti-ti-ndi! Twiga akacheza. Wenzake wakamzunguka, makofi pa-pa-pa. Shingo ya Twiga ikawa inakwenda huku inakuja huku.

Sasa nahodha wa Mapango alikuwa Fisi. Fisi aliitazama ngoma. Akautazama mpira, uko chini ya kikapu, hauna mtu. Akauokota. Du, du, du, akapita kando ya wachezaji wa ngoma, taratibu, kama mtu anayekwenda dukani. Akafika upande wa pili. Hakuna mtu. Chwa!

"Wee Fisi!" akapiga kelele Pundamilia. "Ngoma haijanyamaza!"

"Ngoma yenu, shemeji, si yangu," akasema Fisi. "Kwani sheria inasemaje?"

Wote wakamgeukia Ndovu. Ndovu akafikiri. Masikio yakapepea. "Sheria haisemi," akasema. "Kikapu ni kikapu."

Ikawa hivyo mechi nzima. Tumbili akafunga kutoka mbali, ngoma ikalia, wakacheza, Fisi akafunga. Nyumbu akafunga, ngoma ikalia, wakacheza, Fisi akafunga. Mnauliza kwa nini hawakuacha kucheza? Na nyinyi mkiitwa na ngoma ya kwenu, miguu yenu inawauliza ruhusa?

Haiulizi!

Haya. Majani hawakuwahi kufunga vikapu vingi kama siku ile. Kivuli kikagusa mstari. Ndovu akapuliza. Mapango walikuwa mbele kwa kikapu kimoja.

Fisi akapita mbele ya Twiga. "Hongera Mwagamvua. Umecheza vizuri. Mpira sijui, ila ngoma umecheza vizuri sana."

Bi Tohe alimwendea ndama wake, akamlamba. Kisha akaenda kichuguuni.

Nguchiro alikuwa akila mende. Karati, karati. Hakusimama.

"Hodi, Nguchiro."

"Karibu, nahodha. Nimesikia ngoma tangu asubuhi. Nikajua mmefungwa."

"Umejuaje?"

"Ililia sana. Ikilia sana nanyi mnacheza sana."

Bi Tohe akakaa chini. "Nilikosea. Rudi."

Nguchiro akafuta mdomo. "Narudi. Ila sitaki kubebwa mabegani, wala sitaki Tumbili aniombe radhi, maana ataigeuza radhi iwe mzaha. Nataka neno moja. Mpira ukiingia kikapuni kwao, wote mgeuke, mrudi nyuma mbio. Hapo hapo."

"Na ngoma?"

"Ilie."

Bi Tohe akarudi kwa wenzake, akawaambia. Twiga akaruka kando. "Nisicheze? Niitukane ngoma mbele ya mbuga nzima? Dada, baba yangu alicheza ngoma ile. Babu yangu alicheza."

Bi Tohe akasema, "Ngoma haina kiu, Twiga. Ndama wangu ana kiu."

Twiga akamtazama ndama, akashusha shingo. Tumbili, kwa mara ya kwanza bila mzaha, akaenda benchi mwenyewe.

Mechi ya pili haikuwa na utamu, nawaambia kweli. Fisi akija huku, Nguchiro yuko. Fisi akipita kule, Nguchiro yuko. Majani wakifunga, hao wanarudi mbio, ngoma inalia peke yake kama msiba usio na watu. Vikapu vikawa vichache. Watazamaji wakapiga miayo. Swala wengine wakaenda kula majani. Nyani akasinzia juu ya ngoma. Kivuli kikagusa mstari, na Majani wakawa wameshinda, vitano kwa vinne.

"Mechi mbaya kama hii sijapata kuona," akalalamika Nyani.

"Nzuri sana," akasema Nguchiro.

Ikabaki ya tatu. Wa kushinda hiyo ndiye wa kunywa.

Siku hiyo mbuga nzima ilikuja. Bwawa lilikuwa limekuwa dogo, unaliona kutoka kiwanjani, linang'aa kama kisahani. Ndama wa Bi Tohe alilala kwenye kivuli, ulimi nje.

Pweee!

Fisi alikuwa amejiandaa. Alimwendea Nguchiro kwa ujanja wote. Akatazama kushoto akaenda kulia. Akaunyanyua mpira kama anayefunga, asifunge. Akacheka ili Nguchiro achukie. Nguchiro hakuchukia, na hakudanganyika.

"Unatazama nini wewe?" Fisi akauliza, anahema. "Mpira uko huku juu!"

"Kiuno chako," akasema Nguchiro. "Macho yako yanadanganya. Mpira wako ni mwongo. Kiuno kikienda, na wewe umekwenda."

Walikwenda hivyo, bega kwa bega, kikapu huku, kikapu kule. Kivuli kikatembea. Kikafika karibu na mstari. Sawasawa. Hakuna aliye mbele.

Pundamilia akampa Bi Tohe. Bi Tohe akampa Twiga. Twiga akanyoosha shingo.

Chwa!

Mbuga ikalipuka! Nyani akaruka juu, akaiangukia ngoma kwa mikono miwili, ti-ti-ndi! ti-ti-ndi! ti-ti-ndi! Hakuwa amepiga hivyo tangu azaliwe. "Mwagamvua! Cheza! Mwagamvua! Cheza!" Hata wazee walisimama. Na miguu ya Twiga, jamani, miguu ya Twiga ilianza. Mguu mmoja ukanyanyuka. Shingo ikaanza kwenda huku.

Fisi alikuwa ameshauchukua mpira. Du! Du! Du! Safari hii hakwenda taratibu.

"Cheza, shemeji, cheza!" akapiga kelele anapokwenda. "Usiitukane ngoma!"

Bi Tohe alikuwa anarudi mbio. Pundamilia mbio. Nyumbu mbio. Lakini Fisi yuko mbele, na mdogo wake Fisi anamfuata upande wa pili. Chini ya kikapu yuko Nguchiro peke yake. Nguchiro mmoja, fisi wawili.

Fisi akaja. Nguchiro akatazama kiuno. Kiuno kikasimama. Fisi hakwenda popote. Akamrushia mdogo wake mpira, na mdogo wake yuko wazi, hana mtu, kikapu kiko mbele yake.

Huyo alikuwa wa Twiga kumzuia.

Yule fisi mdogo akaruka. Akaurusha. Mpira ukapanda, ukapanda, ukaanza kushuka.

Kisha ikaja shingo. Ilitoka nyuma, kutoka mbali, na miguu minne chini yake inatimua vumbi. Twiga alikuwa ameuweka chini ule mguu alioinua. Alikuwa amekuja.

Pu!

Kichwa kikaupiga mpira, ukaruka pembeni. Nguchiro akaurukia, akaukumbatia, akajikunja nao chini kama kakakuona, fisi wawili juu yake. Kivuli kikagusa mstari.

Pweee!

Hakuna aliyeshangilia. Pumzi zilikuwa zimewaishia. Nyumbu alikaa chini palepale. Pundamilia alilala chali, miguu juu. Bi Tohe alimtafuta Ndovu kwa macho. "Imekwisha?" akauliza. "Imekwisha kweli?"

"Imekwisha, mama," akasema Ndovu. "Kanywesheni watoto."

Fisi akajikung'uta vumbi. "Kichwa!" akasema. "Nimezuiwa kwa kichwa!" Akawaita wenzake wakashika njia ya mto. Msiwahurumie sana. Fisi hutembea usiku kucha bila kuchoka, na mamba hufikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Bwawa walilitaka kwa uvivu.

Majani wakateremka bwawani. Ndama akaingiza mdomo majini, akapaliwa, akapiga chafya, akaingiza tena. Bi Tohe alimtazama tu. Yeye mwenyewe alisahau kunywa.

Twiga akatanua miguu ya mbele, maana twiga hanywi mpaka atanue miguu, na akiinama hivyo haoni nyuma. Mnyama yeyote anaweza kumrukia. Kabla hajainama akamwona Nguchiro amesimama, ameyapa maji mgongo, anatazama vichaka.

"Njoo unywe, ndugu yangu. Mechi imekwisha."

"Kunywa wewe. Mimi naangalia nyuma."

Twiga akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, maji yakipanda shingo yote ile. Akainuka. Akageuka, akasimama kando ya Nguchiro, uso kwenye vichaka.

"Sasa nenda," akasema. "Nyuma niachie mimi."

Nguchiro akaenda kunywa.

Basi hadithi inasema hivi, na sitaificha: anayefunga huipa timu sifa, anayelinda huipa timu ushindi. Furahia ulichopata, lakini kwanza geuka ukilinde.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa bwawa. Mwenye kiu na anywe, na aliyekwisha kunywa amwangalizie mwenzake.