Mtani wa Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakijenga na kuozana na kununiana kama sisi, palikuwa na bwawa moja tu lisilokauka kiangazi. Mwenyewe Mzee Kiboko. Yaani alijifanya mwenyewe, kwa vile tumbo lake lilijaza nusu ya maji.

Huyo Mzee Kiboko alikuwa na ngoma yake. Fisi anapiga, yeye anaimba. Du-du-dum! Du-du-dum! Na wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa kuwacheka kina Nguchiro, wale wadogo wanaokaa kwenye mashimo ya vichuguu:

"Kinuka-shimo, oga kwanza!
Kinuka-shimo, usinisogelee!"

Watu wanakata viuno, wanapiga vigelegele. Kina Nguchiro wanatazama chini. Na ngoma ikiisha neno haliishi! Linakwenda nao njiani, linakwenda nao sokoni. "We kinuka-shimo, pisha!" Hakuna aliyekemea. Hata mmoja.

Sasa siku moja Kidawa, binti wa Mama Nguchiro, akaenda kuteka maji. Mtoto wa Kiboko akampigia teke kibuyu chake, puu! "Rudi nyuma, kinuka-shimo!"

Kidawa naye mdomo anao. "Na wewe je, kinuka-tope!"

Lo! Lo! Lo! Ungedhani mbingu imeanguka. Mzee Kiboko akatoka majini, maji yakamwagika huku na huku, chubwiii!

"Nani kalitukana kabila langu? Mimi? Kinuka nini? Basi Nguchiro yeyote asikanyage hapa mpaka mtoto huyo mwenye mdomo mchafu ahamishwe nchi hii!"

Kiangazi kile, wanangu! Mahali pengine pa maji hapakuwepo.

Mama Nguchiro akamkuta Kidawa amejikunyata shimoni, midomo imemkauka.

"Mama, kwani sisi tunanuka?"

Mama akamnusa utosini. Vumbi na jasho la mtoto, basi. "Nani kakwambia?"

"Si ule wimbo wa ngoma!"

Moyo ukamchemka mama yule. Amtoe mwanawe, ampeleke wapi? Kwa nani? Kwa neno ambalo wakubwa wanaliimba na kutuzwa! Akajifunga kanga kiunoni, huyooo, mpaka barazani kwa Mzee Kiboko. Wanyama wote wapo, Fisi yupo na ngoma yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeshamwondoa?"

"Bado, Mzee. Nimekuja kuuliza, mimi mjinga. Alilosema Kidawa ni nini?"

"Tusi! Tusi la nguoni!"

"Haya. Na lile mnaloimba nyinyi, la kinuka-shimo, lenyewe ni nini?"

Fisi akacheka, "Kha-kha-kha! Mama huyu naye! Ngoma ile! Watu wanaburudika!"

"Ni utani tu," akasema Mzee Kiboko, anajipepea. "Mbona mna hasira za karibu nyinyi watu wadogo?"

Mama Nguchiro alitaka kumrukia usoni. Akajizuia. Akameza mate, akalegeza sauti kama mgonjwa.

"Utani, Mzee? Utani wenyewe kabisa, ule wa mababu?"

"Wa mababu kabisa! Sisi na nyinyi ni watani. Hata umuulize nani."

"Jamani, mmesikia? Mzee kasema sisi ni watani."

"Tumesikia!" wakaitika wote.

"Ahsante, Mzee." Akaondoka taratibu, kainamisha kichwa. Nyuma yake Fisi anacheka mpaka anashika mbavu.

Cheka, Fisi, cheka! Kwani utani ninyi hamuujui? Mtani anaingia kwako bila hodi. Anakuvua kofia, anakula kuku wako, anakuita jina baya mbele za watu, na ukinuna mwenye makosa ni wewe. Na wewe kesho unamfanyia hivyo hivyo. Utani hauendi njia moja!

Basi kesho yake Mzee Kiboko akawa anamwoza binti yake. Wakwe wametoka mto wa juu, watu wa heshima zao, wamekaa mkekani, wanatafuna polepole. Mara, "Li-li-li-li-li!" Mama Nguchiro huyo, na ukoo mzima nyuma yake!

"Mtani wangu, hongera!" Akamrukia begani, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe, ikamfunika mpaka shingoni. Akaburuta sinia la pilau la wakwe. "Watoto, kuleni, kwa mtani wetu hapa!" Kisha akamgeukia Fisi. "Piga ule ule!"

Fisi, mkono umezoea, akapiga. Du-du-dum!

"Kinuka-tope, oga kwanza!
Kinuka-tope, usinisogelee!"

Kina Nguchiro wakacheka, wakagaagaa chini kwa kucheka. Wakwe wakaacha kutafuna. Mzee Kiboko akavimba, akavimba.

"Mama Kidawa! Unanidhalilisha mbele ya wakwe zangu!"

"Mimi? Mtani wangu! Ngoma hii, watu wanaburudika."

"Nani anaburudika?"

"Hao wangu wanacheka. Wako walipocheka, ulituuliza sisi?"

"Nyamaza! Hilo ni TUSI!"

Ngoma ikakatika.

Mama wa bwana harusi, kiboko mzee mwenye meno ya manjano, akasimama. "Mkwe, hebu nieleze. Huyu ni mtani wako au si mtani wako? Kama ni mtani, mwache ale, mwache aimbe, na watoto wake wanywe maji. Kama si mtani, basi umekuwa ukitukana watoto wa wenzako kwa ngoma. Sisi kwa mtu wa hivyo hatuoi."

Mzee Kiboko akamtazama Fisi. Fisi akatazama mguu wake mwenyewe. Mzee akamtazama binti yake, machozi yanamlengalenga binti. Akamtazama Mama Nguchiro na ile kofia. Kuitwa kinuka-tope maisha yake yote? Hapana!

"Si mtani," akanong'ona.

"Na neno la wimbo wako?" akauliza mama wa bwana harusi.

"Tusi."

"Sema na wa nyuma wasikie!" akafoka Mama Nguchiro.

"TUSI!"

"Ee! Sasa Kidawa nitamkanya mimi mama yake, nyumbani kwetu. Wewe jikanye, na ngoma yako uikanye. Watoto, majini!"

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Kidawa mbele, anakunywa kama hana akili nzuri. Mzee Kiboko akavuta mguu wake pembeni awapishe.

"Na kofia yangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Chukua. Si umesema sisi si watani?"

Basi nami hadithi naitua hapo, wanangu: neno linalokuuma ukiambiwa wewe, usimwimbie mwenzako ukasema ni mchezo.