Mbawa za Feiyun

Paukwa!

Pakawa!

Tegeni masikio, na nyinyi wakubwa msijifanye hadithi ni ya watoto.

Hapo zamani za kale, huko Uchina, kwenye milima ya theluji, palikuwa na farasi mwenye mbawa. Jina lake Feiyun. Mbawa zake nyeupe, pana, zilimpeleka mpaka mawinguni. Je, alikuwa na raha? Wapi! Wawindaji wa mfalme walimtafuta kila mahali, na yeye akaona kila kiumbe ni jasusi wao.

Akashuka bondeni, akajichanganya na farasi wa kawaida. Mbawa akazikunja, akazificha chini ya blanketi kuukuu aliloliokota njiani.

Sasa farasi wana desturi yao. Jua likipungua ukali, husimama wawili wawili, huyu akamkuna yule mgongo kwa meno, kwaru, kwaru, kwaru. Pale usipofika mwenyewe, mwenzako anafika.

Farasi jike mmoja, Lanhua, akamsogelea.

"Kaka mgeni, geuka nikukune."

"Siwashwi, dada."

"Hakuna farasi asiyewashwa."

"Basi mimi ndiye."

Moyoni akasema: huyu katumwa. Mbona anautaka mgongo tu? Shingo haioni?

Wenzake wakinong'ona, alijua wanamsema yeye. Wakinyamaza, ndiyo kabisa, wanapanga njama.

Huku nyuma utitiri ukaingia mbawani. Ukatafuna, ukazaana, ukatafuna. Feiyun akawashwa mpaka machozi. Akajisugua kwenye mwamba, wapi, hafikii. Lanhua akamwonea huruma.

"Kaka, unateseka. Niache nikusaidie."

"Nani kakutuma?"

Lanhua akaumia sana. Akaenda zake.

Asubuhi moja, vishindo, puru puru puru! Wawindaji hao, nyavu mkononi. Farasi wote wakatimka. Feiyun akatupa blanketi, akatanua mbawa, akapiga mara moja. Manyoya yote yakapukutika. Yakabaki mashina matupu, kama fito za kibanda kilichoezuliwa. Akaruka, akaanguka, tii!

Lanhua akampita mbio, analia.

"Feiyun, mbawa zako tulizijua tangu siku ya kwanza. Upepo ulikuwa ukilifunua hilo blanketi kila siku. Tulikuwa tunakusubiri utuambie mwenyewe."

Wawindaji wakazitazama zile fito, wakacheka. Yule farasi mwenye mbawa waliyemtafuta hawakumwona hapo. Wakamfunga kamba, wakampeleka akazungushe jiwe la kusagia, akazunguka nalo mpaka akafa.

Basi sikilizeni: anayemshuku kila anayemkaribia hujimaliza mwenyewe kabla adui hajafika.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikikupendeza ibebe, isipokupendeza niachie.