Jina la Mtoto wa Njiku

Sogeeni, nina jambo limenishinda.

Mzee Mkumbo wa kule Singida alikuwa na watu watatu. Mkewe Siwema ana mikono inayoujua mgongo wa mumewe. Daktari Aikande ana macho ya kusoma picha za ndani ya mwili. Tausi, dada yake Mkumbo, ana miaka hamsini na nane, na cheti kipya cha kisomo cha watu wazima.

Mgongo ukaanza kumuuma Mkumbo. Akasema ni kulima tu. Siwema akawa anamsugua mafuta, mara mikono ikasimama.

"Hapana, Baba Njiku. Maumivu ya jembe yanakaa juu. Haya yako ndani, na unakonda. Twende hospitali."

Akakataa. Siwema akaficha jembe mpaka akakubali.

Daktari Aikande akampiga picha. Akaona uvimbe umeuzunguka ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni kushuka tumboni. "Ni ugonjwa wa nadra, mzee. Lakini hatukati. Utameza prednisoloni, dawa ya kunyweza uvimbe huo, vidonge sita kila asubuhi." Akampa na karatasi ya maelezo.

Wiki ya tatu mgongo kimya. Ila dawa imemvimbisha uso, majirani wanamwita Mwezi Mpevu. Mkumbo akashika dawa. "Nimepona. Natupa chooni."

Tausi akaivuta ile karatasi, akaweka kidole. "U-si-a-che... gha-fla."

"Dada, soma haraka basi!"

"Herufi hazikimbizwi. Nyamaza." Chai ikapoa. "Ukiacha ghafla utazidiwa. Daktari ndiye atakupunguzia, ki-do-go ki-do-go."

"Wewe si juzi tu umejua a, e, i, o, u?"

"Na leo zimekufaa, mdogo wangu."

Akameza. Daktari akampunguzia: sita vikawa vitano, vikawa vinne, mwaka mzima. Picha mpya ikaonyesha uvimbe umenywea.

Sasa mwanawe Njiku kapata binti, na Mkumbo anataka aitwe jina la aliyemwokoa. Siwema anasema, "Mpe daktari." Daktari anasema, "Mimi bila mama huyu ningemwona wapi?" Tausi naye keshaandika TAUSI kwa mkaa mlangoni, eti aone tu linavyokaa.

Mkumbo yuko kwenye kigoda, kainama kumbusu mjukuu, mgongo haumuumi. Anamwita "wewe" tu.

Haya, nyie mnaonisikiliza: mtoto aitwe nani?