Uso wa Mita si Tumbo Lake

"Uso wa mita si tumbo lake." Mmeisikia kwa mafundi, wajukuu zangu, mkacheka. Basi tulieni niwaeleze ilikotoka.

Milimani Upare palikuwa na kituo cha afya kilichotumia umeme wa jua. Masika moja ukungu ulitanda wiki nzima, na mita iliyoonyesha nguvu ya betri ikafa. Ndani ya friji mlikuwa na chanjo za watoto wa vijiji vinne, wala hakuna aliyejua betri zimebakiza nini.

Tabibu Kibacha alishuka kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na mita mbili kuukuu za mshale, zilizong'olewa kwenye mtambo mmoja. Usoni ziliandikwa "Ampea 100". Ya kwanza akaiunga mwenyewe, moja kwa moja kwenye betri. Mshale uliruka, ukapinda, moshi ukatoka. Ndipo akamwita Nakundwa, mama aliyetengeneza redio pale kijijini.

"Hii iliyobaki ifunge upesi, mama," alihimiza. "Imeandikwa mia, na betri zetu ni volti ishirini na nne tu!"

"Na ile iliyoungua iliandikwa ngapi?"

Kibacha akamkabidhi mita.

Hapakuwa na mita ya tatu. Nakundwa akazungusha skrubu ndogo ya mbele mpaka mshale ukalala juu ya sifuri. Kisha akachukua betri moja ya tochi, akaiunga kupitia rezista kubwa, ipitishayo umeme kiduchu. Mshale ukajongea kidogo. Akaweka rezista ndogo zaidi, na nyingine ndogo kuliko hiyo, bila papara, hadi mshale ukafika mwisho. Akapiga hesabu, akatabasamu.

"Tumbo lake hubeba sehemu moja ya elfu ya ampea," alisema. "Ile mia ilikuwa ikipita kwenye kipande cha shaba pembeni, nacho kimebaki mtamboni. Mita ilionjeshwa tone tu."

Akaiunga na rezista ya kufanya mshale ufike mwisho kwenye volti thelathini. Akaufungua uso wa mita, akaugeuza, na upande wa nyuma akaandika kwa wino namba mpya, sifuri hadi thelathini. Alipoiunga kwenye betri, mshale ulipanda taratibu ukasimama kwenye ishirini na tatu na nusu.

"Zimechoka. Zimeni taa zote, na ile televisheni ya mapokezi. Umeme uliobaki ni wa friji."

Safari hii Kibacha hakubisha. Siku mbili aliutazama mshale kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Ulishuka, lakini haukuvuka mstari mwekundu aliouchora Nakundwa kuonyesha mahali friji ingezimika. Siku ya tatu jua likatoka, mshale ukapanda, na akina mama wakaja na watoto mgongoni. Hakuna kichupa hata kimoja cha chanjo kilichomwagwa.

"Mimi nilisoma maandishi," Kibacha aliwaambia mbele ya Nakundwa, bila kuona haya. "Huyu mama aliiuliza mita yenyewe."

Tangu hapo, ukimsifu au ukimdharau mtu wa pale kwa sababu ya joho, cheo au viraka vyake, watakukatiza: uso wa mita si tumbo lake.